Saa Kumi Bikira Huondoka

Ikupa alikuwa ameinamia kifuniko cha kopo, akikausha tone la rangi kwa mashine ya kukaushia nywele, wakati mkono wa mwanamume ulipoweka jani bichi mbele yake.

"Dada, mi niko natafuta hii."

Aliinua kichwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa tano, na duka la vifaa vya ujenzi pale Liverpool, kitongoji cha Sydney, lilikuwa limefurika. Watu walisukuma mikokoteni yenye mbao na vyungu vya maua. Harufu ya soseji na vitunguu vilivyokuwa vikichomwa mlangoni ilifika mpaka kaunta ya rangi, na mashine ya kutikisa makopo ilinguruma nyuma yake. Mwenye jani alikuwa mrefu, mweusi, masikio makubwa yamechomoza, amevaa vesti ya kazi ya njano inayong'aa juu ya shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Umejuaje kwamba ninaongea Kiswahili?"

"Nimesikia uko nagombeza mwenzako. Kugombeza kwa Kiswahili kunafika mbali."

Kawira, mwenzake wa kaunta, Mmeru wa Kenya ambaye ndiye aliyekuwa anagombezwa, alicheka kwa sauti. "Eh, na hajamaliza, aki. Ngoja umkosee na wewe."

Ikupa alirekebisha kilemba chake cha kitenge, akachukua lile jani. "Unataka rangi ya jani hili?"

"Hapana. Geuza." Akaligeuza yeye mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa. "Nataka ya chini. Batu bote… watu wote wanaangalia juu ya jani. Mi nataka chini, pale kwenye weupe kidogo."

Mashine ya kusoma rangi ilitoa jibu, lakini Ikupa hakuliamini. Hakuwahi kusomea rangi. Alikuja Sydney kusoma uhasibu, ada ikamshinda, akabaki na kaunta hii, na kwa miaka minne macho yake yalijifunza yenyewe. Alijaribu mara nne. Kila mara alipaka tone, akalikausha, akaweka jani kando yake. Mara ya nne jani lilipotea juu ya kifuniko. Ukilitazama, hukujua jani linaishia wapi.

"Ndiyo hiyo," mwanamume alisema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu. "Uko na macho, dada."

"Unapaka nini, nyumba?"

"Kanisa. Kikanisa kidogo kule Doonside. Padri ameomba nipake Mama Maria amesimama kati ya miti. Sikukuu ya Kupalizwa, mwezi wa nane, askofu atakuja kubariki."

"Kumbe wewe mchoraji."

"Katikati ya wiki niko dereva wa forklift, Smithfield. Jumamosi, voilà, mchoraji. Naitwa Fidèle."

Alipoondoka, Kawira alisogea akamgonga Ikupa kwa kiwiko. "Huyo msee hajakuja kununua rangi."

"Amelipa, ana kopo mkononi."

"Sawa. Tutaona Saturday ijayo."

Jumamosi iliyofuata alikuja na gome la mti. Iliyofuata, na jiwe. Mara ya nne alikuja mikono mitupu, akasimama kwenye foleni nusu saa nzima, akafika kaunta na kusema, "Leo sina kitu. Nimekuja tu."

Simu zilianza hapo. Zilikuwa simu za jioni, Ikupa akiwa kwenye treni, Fidèle akiwa anapika chumbani kwake.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula noodles."

"Ile si chakula. Ile ni kamba ya kufungia mizigo."

"Basi nipikie wewe, si unajifanya fundi."

"Nitakupikia sombe, ile kisamvu yenu, mpaka usahau njia ya Mbeya."

"Mnyakyusa hasahau njia ya kwao. Anaweza kusahau jina la Mkongo fulani, lakini si njia."

"Aah, mama! Unaniua bila kisu."

Jambo moja tu lilimsumbua Ikupa, nalo alilitambua polepole. Kila alipomuuliza Fidèle alijifunza wapi kuchora, jibu lilikuwa na shimo katikati. Alikuwa anaandika majina ya maduka na saluni mjini Bukavu, hilo alilisema kwa furaha. Kambini Uganda alipaka watakatifu juu ya magunia kwa ajili ya kanisa la turubai, na hilo alilisema pia. Kati ya saluni na magunia hakukuwa na kitu. Ukifika hapo anauliza, "Na wewe, kazi ilikuwaje leo?"

Mwezi wa saba Fidèle alimwalika aje kuona ukuta.

Ikupa alivaa gauni la sufu la rangi ya zambarau na koti refu, akapanda treni mpaka Blacktown, akabadilisha, akashuka Doonside saa saba na nusu. Kikanisa kilikuwa cha matofali, baridi, na harufu ya nta na rangi mbichi. Ukuta mzima wa mashariki ulikuwa msitu. Katikati ya msitu alisimama Bikira Maria, mrefu kuliko mtu, kanzu ya buluu iliyofifia, mikono imefunguliwa. Fidèle alikuwa juu ya ngazi akipaka majani.

"Karibu nyumbani kwa mama," alisema bila kugeuka.

"Fidèle, ni mzuri sana."

"Ngoja usiseme bado."

Saa tisa akina mama wanne wa jumuiya waliingia, wakakaa kwenye mabenchi kusali rozari. Kiongozi wao, Mama Nsimire, alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, amevaa kitenge cha buluu na sweta mbili, na kando yake alikaa mjukuu wake Bénie, wa miaka saba. Walisali haraka, kama watu wanaowahi basi.

Ikupa aliketi. Jua la baridi lilikuwa linashuka, na ilipokaribia saa kumi lilifika kwenye dirisha dogo la juu, upande wa magharibi. Mwanga uliingia, ukagusa paji la uso wa Bikira. Paji likawa jani.

Ikupa alipepesa macho. Mwanga ulikuwa unateremka ukutani polepole kama maji. Ulipofika kwenye mashavu, mashavu yakawa nafasi kati ya matawi. Mabega yakawa gome. Kanzu ikavunjika vipande vipande, kila kipande kikaenda kwa mti wake. Ilimchukua kama dakika tano. Kisha kulikuwa na msitu tu, na msitu ulionekana kama mahali ambapo mtu alikuwa amesimama sasa hivi.

"She's gone again, Koko," Bénie alisema, bila mshangao.

"Nyamaza, tumeshamaliza," bibi yake alijibu, tayari anafunga mkoba.

Ikupa alimfuata mpaka mlangoni. "Shikamoo, mama. Samahani. Inakuwa hivi kila siku?"

"Marahaba, mwanangu. Kila siku yenye jua. Ndiyo maana tunasali saa tisa. Tumalize mbele aondoke."

"Anakwenda wapi?"

"Mi sijui. Asubuhi anarudi yeye mwenyewe." Mama Nsimire alitazama ndani, mahali Fidèle alipokuwa, akateremsha sauti. "Iko watu wanasema anamkimbia mtu. Mi sijasema. Mi niko nakuambia tu wanasema."

Fidèle alikuwa bado juu ya ngazi, mgongo kwa ukuta, macho sakafuni. Hakutazama hata mara moja. Walipobaki wawili alishuka, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nimempaka mara tatu," alisema. "Mara tatu anaenda. Askofu anakuja saa tisa na nusu, misa itafika saa kumi na moja. Ataenda mbele ya watu wote."

"Kuna sababu. Kila kitu cha rangi kina sababu."

"Na kama sababu ni mimi?"

"Wewe? Wewe utamfukuza nani, na hayo masikio yako?"

Alicheka kidogo, akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama ukuta.

Kwenye treni ya kurudi, Ikupa alifungua picha alizopiga kwa simu saa nane, wakati Bikira anaonekana vizuri. Alizitazama kwa utaratibu wake, moja baada ya nyingine. Kisha, kama anavyofanya kazini mteja anapobishana kuhusu rangi mbili, aliondoa rangi zote kwenye picha, akabakiza nyeusi na nyeupe.

Bikira hakuwemo.

Behewa lilikuwa limejaa watu na hakuna aliyemwangalia, lakini alifunika simu kwa kiganja. Alipoitazama tena alianza kuelewa. Kanzu, majani, magome, uso, vyote vilikuwa na uzito mmoja wa kijivu. Na Fidèle alikuwa amempaka kinyume: giza juu, kichwani na mabegani, weupe chini, kwenye pindo na miguu. Mwanga wa saa kumi uliangaza juu na kuacha chini kivuli. Rangi na mwanga vilifutana. Hapakuwa na pepo wala laana. Zilikuwa hesabu tu.

Alifurahi kiasi kwamba alikaa na furaha hiyo wiki nzima bila kumwambia kwa simu. Alitaka amwone usoni.

Jumamosi aliingia kikanisani akiwa na makopo mawili na midomo iliyopakwa rangi nyekundu. Akina mama walikuwa wanafagia na kung'arisha mabenchi. Fidèle alikuwa kwenye ngazi.

"Nimepata!" Ikupa aliita toka mlangoni, na sauti ikajaa kikanisa. "Wewe Mkongo, unajua umefanya nini? Umempaka Mama Maria kama gari la jeshi! Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa jeshi Mbeya, magari yao yalikuwa hivi hivi, juu giza, chini nyeupe, mabaka mabaka. Nani alikufundisha kuchora, kamanda?"

Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake.

Ufagio wa Mama Nsimire ulisimama. Fidèle aliweka brashi juu ya kopo, kwa uangalifu, bila kudondosha hata tone. Akashuka ngazi moja moja. Alipita mbele ya akina mama, akampita Ikupa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesimamishwa uchi barabarani.

"Fidèle? Nilikuwa natania. Fidèle!"

Mlango ulijifunga wenyewe.

Simu ya jioni ile haikupokelewa. Wala ya kesho yake. Jumatatu Fidèle alipiga mwenyewe.

"Nani alikuambia?" aliuliza. Hapakuwa na chérie.

"Aniambie nini?"

"Usinichezee, Ikupa. Kama ulijua, ungeniuliza mi peke yangu. Si mbele ya mama yule."

"Mpenzi, sielewi. Nilikuwa nazungumzia rangi."

Simu ikakatika.

Kawira alimkuta nyuma ya stoo ameegemea magunia ya saruji. "Si umwandikie tu message umwambie umekosa?"

"Sijui nimekosa nini. Nikiomba msamaha wa kitu nisichokijua, nitakuwa ninadanganya."

"Wee, mapenzi si sayansi. Sema sorry, halafu mtatafuta kosa pamoja."

Lakini aliyempa jibu ni Mama Nsimire. Alikuja Jumatano mchana, duka likiwa tulivu, mkoba ameushikilia kwa mikono miwili. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya makaratasi ya sampuli za rangi, mamia ya kijani, na kuongea akiyatazama yale.

"Mwanangu, yule Fidèle. Mbele ya kuja hapa, alipaka nini?"

"Majina ya maduka, mama. Na watakatifu."

"Na katikati?"

Ikupa aliweka chini kifuniko alichokuwa amekishika.

"Kwetu ilikuwa siku ya soko," Mama Nsimire alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda kituoni. "Tulitoka kuteka maji, wanawake kumi na moja. Jua lilikuwa linashuka. Ile mlima tunaijua toka utoto, na kando ya barabara iko kichaka, na kichaka tunakijua. Hakuna kitu. Mi niko naangalia pale pale, kwa macho yangu. Kisha mlima ukafungua mlango."

Mashine ya kutikisa makopo ilikuwa imezimwa. Ikupa alisikia taa za dari zikivuma.

"Mlango wa gari, mama?"

"Mlango wa gari. Lakini mi niliona mlima. Hata leo naona mlima." Akagusa karatasi moja ya kijani, akaondoa kidole haraka. "Tulirudi watatu. Ndiyo nauliza. Saa ile Bikira anaenda, tumbo yangu inasema nimeshaona hii kazi. Nimeshaona huu mkono."

Alipoondoka, Ikupa alirudi kwenye kompyuta ili mikono yake iwe na kitu cha kufanya. Oda mpya ilikuwa imeingia toka mtandaoni, ya kuchukuliwa Ijumaa. Lita ishirini za rangi nyeupe ya kufunikia, ile nzito inayoficha chochote kilicho chini. Jina: Fidèle.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alivaa suruali ya jinzi na sweta la kijivu, akapanda basi mpaka Smithfield, akamngoja nje ya ghala lao saa tisa, wanapobadilisha shifti. Malori yaliingia na kutoka. Alitoka wa mwisho, vesti bado mwilini, begi la safari begani.

"Begi la wapi?"

"Iko kazi kwa machinjio kule Queensland. Rafiki amenipatia nafasi. Jumatatu niko naanza."

"Na ukuta?"

"Kesho asubuhi naupaka mweupe. Padri atapata mtu mwingine."

"Na mimi? Nani atanipaka nyeupe mimi?"

Alifumba macho. Kando ya uzio kulikuwa na benchi la wavutaji sigara. Ikupa aliketi, akangoja. Alijua kungoja. Baada ya muda naye aliketi, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Mama Nsimire amekuja kaunta," Ikupa alisema. "Ameniambia habari ya mlima. Yako siijui. Nataka nisikie kwako."

Lori lilirudi nyuma likipiga king'ora chake kirefu. Fidèle alingoja liishe.

"Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Nilienda mji mdogo wa barabarani kuandika jina la duka la dawa. Wakaja watu na bunduki. Waliona ndoo zangu za rangi, wakasema, huyu tunamtaka. Nilikaa nao miezi minne. Iko mzee kule, zamani alikuwa askari wa serikali, yeye ndiye alinifundisha. Juu giza, chini nyeupe. Vunja mstari. Usimwache mtu aone kitu kinaishia wapi. Hiyo ndiyo shule yangu, Ikupa. Kwa saluni nilikuwa naandika herufi. Kuchora, nilijifunza pale."

"Walikulazimisha."

"Ndiyo. Lakini sikia ile sijawahi kuambia padri." Alitazama mikono yake. "Nilikuwa mzuri. Gari ya kwanza iliwafurahisha. Ya pili, mimi mwenyewe nilifurahi. Nilikuwa naenda mbali, nageuka, naitafuta, siioni, na moyo unaruka kama wa mtu ameshinda mchezo. Magari sita. Kisha wakaniacha niende."

"Halafu?"

"Nilikuwa na dada, Anésie. Alikuja kunipokea tukaenda naye sokoni anunue chumvi. Tulipita kando ya kichaka, gari yangu moja iko ndani. Mi nilipita hatua kumi toka pale. Mi niliyeipaka. Sikuiona." Akashika pindo la vesti yake. "Yeye alikuwa upande wa barabara. Nilirudi nyumbani peke yangu."

Ikupa hakusema, si kosa lako. Hakujua kama si kosa lake, na hakupenda kumpa mtu kitu asichokuwa nacho. Alihama, akaketi kwenye ile nafasi ya katikati, bega likagusa bega.

"Siku ya kwanza kazini walinipa hii vesti," Fidèle alisema. "Bosi akasema, safety, mate, everyone must see you. Nikalia pale pale. Alifikiri ni furaha ya kupata kazi."

"Na Bikira?"

"Kila nikichukua brashi, mkono unaenda kule ulifundishwa. Nasema, leo nitampaka aonekane. Mkono unamficha. Labda hataki nimwone. Labda ana haki."

"Fidèle, nimeipima picha. Ni mwanga na rangi. Tunaweza kugeuza, weupe juu, giza chini, mstari mzima. Haijalishi mkono unataka nini, mimi nitakuwa nyuma yako."

"Na yule mama?"

"Ukiupaka ukuta mweupe, unadhani ataacha kuogopa? Atakaa kwenye benchi akitazama ukuta mtupu, akingoja ufungue mlango."

Aliinama, kiganja juu ya macho. Watu wa shifti walipita wakijifanya hawaoni.

"Nilitaka nikuoe," alisema kutoka nyuma ya kiganja. "Nilikuwa nangoja ukuta uishe ndiyo niseme."

"Ningeolewa na mtu ambaye sijamwona."

"Na sasa unaniona?"

"Naanza. Oda yako nimeifuta. Ukitaka nyeupe, tafuta duka lingine, na ujue jina langu halitakuwa kwenye risiti." Akavuta kamba ya lile begi. "Kesho saa mbili, Doonside. Usipokuja nitajua umeenda Queensland, na sitapiga simu."

Alikuja. Saa mbili kasoro robo alikuwa ameketi kwenye ngazi za kikanisa, amevaa shati lake jeupe. Hakugusa brashi. Alingoja mpaka Mama Nsimire alipofika na mjukuu wake, akasimama, akavua kofia.

"Mama, swali uliuliza kwa duka, jibu ni ndiyo."

Ikupa alimshika Bénie mkono, akamtoa nje kwenye nyasi. Lakini mlango ulikuwa wazi, na maneno yalikuwa machache.

"Ngapi?" Mama Nsimire aliuliza.

"Sita."

"Barabara gani?"

Akaitaja.

"Mwaka?"

Akautaja.

Ikupa alimwona mama akihesabu kwa vidole, kidole kimoja baada ya kingine, kama kwenye rozari. "Yangu ilikuwa mwaka uliofuata huo," alisema. "Barabara ni ile ile. Ingeweza kuwa moja ya zako. Ingeweza kuwa ya mtu mwingine."

"Ndiyo, mama. Sijui. Hakuna mtu atajua."

"Mi siwezi kusema nimekusamehe. Usiniombe leo."

"Siombi."

"Na sisemi kwamba nitaweza kesho." Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, akaweka mkoba magotini. "Lakini ile saa jua linashuka ndiyo saa mi naogopa, miaka yote hii. Mi nataka nikiangalia pale, nione mtu. Panda, ufanye kazi. Niko hapa."

Walifanya kazi. Ikupa alichanganya rangi sakafuni juu ya magazeti, akajaribu, akakausha, akakataa, akachanganya tena. Fidèle alianza na mkono wa kulia wa Bikira. Kulikuwa na nyakati ambapo brashi ilisimama hewani, na Ikupa aliona wazi jinsi kiganja kilivyokuwa kinavutwa pembeni, kuvusha rangi ya kanzu iende kwenye majani.

"Mstari," alisema kwa upole.

"Niko nao."

"Huko unavuka, baba."

"Naona, naona. Mwanamke huyu! Hata mzee wa msituni hakuwa mkali hivi."

"Mzee wa msituni hakukupenda."

Kutoka benchi la nyuma ikasikika sauti fupi. Ingeweza kuwa kikohozi.

Saa kumi jua lilifika dirishani. Ikupa alikwenda kusimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza Fidèle alishuka, akageuka, akatazama. Mwanga uligusa uso, na uso ukaenda. Shavu, paji, macho, vyote vikawa msitu, na ubaridi ukapita kikanisani kama mtu amefungua jokofu. Mwanga uliteremka kwenye shingo. Ukafika begani.

Bega lilibaki.

Mwanga ulipita juu yake, ukateremka kwenye mkono, kiwiko, kiganja kilichofunguliwa. Mkono ulisimama mbele ya miti, mzima, na giza lake chini. Hapakuwa na mwili wala kichwa. Ulikuwa mkono mmoja tu unaotoka msituni, na hata Ikupa, aliyejua kila tone lililokuwemo, alirudi nyuma hatua moja.

Mama Nsimire hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama, ameshika benchi la mbele yake kwa nguvu, anautazama. Alitazama mpaka jua lilipotoka dirishani.

"Huo ni mkono," alisema. Akamwita mjukuu wake, akaenda nyumbani.

Siku sita zilikuwa zimebaki kabla askofu hajafika. Fidèle alifunga brashi kwa plastiki zisikauke. Ikupa alikunja magazeti.

"Kesho baada ya misa ya kwanza," alisema, "na jioni yake nampigia baba Mbeya. Utaongea naye wewe mwenyewe. Atakuuliza watu wako ni nani, na ulifanya nini kabla ya kuja huku."

"Nimwambie?"

"Kama ulivyomwambia mama."

"Na akikataa, chérie?"

"Ni mzee wa Kinyakyusa. Atakataa kwanza, hiyo ni desturi. Halafu atataka kujua unakula ndizi za kupika au hapana, na hapo ndipo ujihadhari."

Fidèle alicheka, kicheko chake chote, na kikanisa kikakirudisha. Alibandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya kopo dogo la rangi ambayo walikuwa bado hawajaipata sawasawa, na Ikupa akaandika juu yake kwa kalamu: *uso, kesho.*

"Saa ngapi?" aliuliza Fidèle, mkono kwenye swichi ya taa.

"Mapema. Uso una kazi."